Mmoja Mgongoni, Mmoja Mkononi: Kwenda Namasakata Wakati wa Vita vya Maji

Maposeni. Niliondoka kwa sababu maziwa yangu yalikatika. Wako wanaosema niliikimbia vita, na wako wanaosema nilimkimbia mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Waongo wote. Vita ilikuwa imeshatupitia, na mavyaa nilikuwa nimemvumilia miaka, ningeweza kumvumilia mingine. Kilichonitoa ni Rashidi, mwanangu wa pili, ambaye hakuwa na jino hata moja na tayari alikuwa na uso wa kizee. Askari wa Mdachi walikuwa wamechoma vihenge vya kijiji chote, mahindi na ulezi, wakasimama kando kuhakikisha yanaungua mpaka chini. Sasa mama asiyekula atatoa wapi maziwa?

Mkubwa wake ni Somoye, wa miaka minne, mdomo kama chiriku. Huyo alikwishaachishwa ziwa zamani. Tangu mdogo azaliwe alikuwa na wivu, anataka kubebwa akiona mwenzake amebebwa, anataka uji akiona mwenzake ananyonya, na uji wenyewe haupo.

Mume wangu alikuwa ameuawa mwanzoni mwa vita, karibu na boma la Songea. Alikuwa amekunywa maji kama wenzake, ile dawa iliyosemwa kwamba risasi za Mdachi zikimfikia mtu zitageuka maji. Dawa ilikuwa na miiko yake, na mkubwa kuliko yote ni kwamba mwanamume asilale nyumba moja na mkewe mpaka vita iishe. Bombom, ile bunduki yao ya kumimina risasi, ilipowafyeka vijana wetu, wakubwa hawakusema dawa imeshindwa. Walisema waliokufa wamevunja miiko. Na kwa mume wangu ushahidi ulikuwepo, maana jirani alimwona akitoka nyumbani kwangu alfajiri.

Ni kweli alilala. Alipita kutuaga, Somoye akamng'ang'ania shingo, akakataa katakata kumwachia, na baba mtu akajilaza naye mkekani mpaka kukapambazuka. Mimi nilikuwa mzazi, niko upande wa pili na kichanga changu, damu ya uzazi haijakauka. Ningemweleza nani akaniamini? Tena aliyevunja mwiko wa vita haliliwi, ndivyo walivyotuambia. Kwa hiyo hatukumlilia. Mavyaa hakutoa chozi hata moja kwa mwanawe wa pekee, na tangu siku ile hakunitazama usoni.

Rashidi alipoanza kukonda, jibu alikuwa nalo tayari. "Mtoto amebemendwa," alisema. Maana yake mimi nimelala na mwanamume huku nanyonyesha, maziwa yakaharibika. "Umemmaliza mwanangu, sasa unammaliza mjukuu wangu."

"Mama, nina njaa," nikamwambia. "Ni njaa tu."

"Njaa tunayo sote."

Kwetu mimi ni Namasakata, upande wa Tunduru, ni Myao niliyeolewa kwa Wangoni. Tulisikia huko vihenge havijachomwa. Mama yangu mdogo alikuwa bado hai, ana shamba la muhogo, na nilijua hatanifukuza. Nikasema, kama ni kufa njiani, afadhali nife nikielekea kwenye chakula. Mavyaa miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza safari. Asubuhi nilipokuwa najifunga mbeleko alisukuma mbele yangu ulezi uliobaki chini ya chungu, akageuka kutazama ukuta. Nilichukua, sikumshukuru, na nililia njia yote mpaka mto wa kwanza.

Songea, mbele ya boma. Mwanamke peke yake na watoto wawili hakuwa na njia ya kufika Tunduru mwaka ule. Nilimtafuta mtu wa kwetu, Mzee Athumani, mfanyabiashara wa nta, aliyekuwa anarudi Tunduru na wapagazi wachache na cheti cha njia cha bwana mkubwa wa boma mkononi. Alikuwa anafunga mizigo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyo mtoto analia?"

"Mtoto gani asiyelia, mzee?"

"Msituni kuna wapiganaji waliobaki, na kuna askari wanaowasaka. Wote wana masikio. Akitulilia mahali pabaya nitakuacha hapo hapo, usije ukanilaumu."

Mkewe, Bi Sijaona, alikuja akafunua mbeleko bila kuniomba ruhusa. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, msafi, wa kauli fupi. Akaweka vidole kwenye utosi wa Rashidi. Utosi ulikuwa umebonyea, kidole kinaingia.

"Baba yake yuko wapi?"

"Amekufa vitani."

Akaniangalia tumbo, akaniangalia matiti, akasonya. "Huyu amebemendwa. Kama baba amekufa, basi wewe unajua ni nani. Mimi sitaki kujua. Utatembea nyuma ya mizigo, na utashika miiko ya msafara huu kama ilivyo."

Nilikuwa na jibu la kumpa, tena la moto, lakini nilimtazama Somoye aliyekuwa analamba chumvi iliyomwagika kwenye jani la mpagazi, nikalimeza.

Njia ya mashariki. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na majani ya miyombo yalikuwa mapya, mazuri kabisa, na chini yake vijiji vyeusi. Tulipita nyumba zilizobaki mafiga tu. Wapagazi walikuwa kimya. Aliyesema peke yake ni Somoye. "Mbona nyumba hii haina paa? Kwa nini yule mbwa amelala? Tutafika leo? Kwa nini Rashidi hatembei?" Kila akichoka alikuwa anakaa katikati ya njia, ananyoosha miguu, anasema hatoki mpaka abebwe. Nikimbeba kiunoni na mwingine yuko mgongoni, baada ya mwendo mfupi magoti yanatetemeka. Nikimshusha, analia. Akilia, Mzee Athumani anageuka. Nilimwahidi vitu vya kila namna mtoto yule, kuku, ndizi, mpaka mbuzi wa kwake mwenyewe. Uwongo mtupu, na aliukumbuka wote.

Kwenye kivuko cha kijito tulikutana na askari. Walikuwa wengi, na Mzungu wao nyuma amepanda nyumbu wa kufugwa. Wa mbele akachukua cheti, akatuhesabu kwa macho, akasimama kwangu.

"Huyu si wa kwenye cheti. Mngoni huyu?"

"Binti yangu," alisema Mzee Athumani. "Myao. Alikwenda Songea kujifungua."

Somoye alikuwa ameshika kaniki yangu. Akanyanyua uso na kuniuliza mimi mama yake kwa Kingoni, kwa sauti ile ile ya kuulizia mbwa, "Mawu, ndio hawa waliochoma kihenge chetu?"

Askari wa mbele hakuelewa, lakini mmoja nyuma yake aligeuza kichwa. Bi Sijaona hakusubiri. Alimnasa Somoye kofi la mgongoni, akamvuta kwake, akasema kwa Kiswahili kikali, "Huyu kila anayemwona anamwomba chakula. Njoo hapa, mtoto huna haya." Akamtia kipande cha muhogo mkavu mdomoni, na mdomo ukafungika. Askari walituacha. Yule aliyegeuza kichwa aliendelea kututazama mpaka tulipoingia kwenye majani marefu.

Nilitaka kumshukuru Bi Sijaona. Akanikata. "Sikufanya kwa ajili yako. Msafara ukiwa na uchafu ndani yake, mambo kama haya ndiyo hutokea." Kwake kila baya lilikuwa na mvunja mwiko nyuma yake. Mpagazi akijikwaa, nani amepiga mluzi? Mvua ikilowesha nta, nani amemwaga maji jikoni? Na mwisho wa maswali yote macho yalikuwa yanakuja kwangu.

Msitu wa masuku. Hapa ndipo nilipoogopa kweli. Tangu Maposeni hofu yangu ilikuwa kilio cha Rashidi. Nilikuwa nambana kifuani kila akianza. Sasa akaacha kulia. Nilimpa titi, akalishika, akavuta mara chache, akaliachia, akatazama juu tu. Midomo ilikuwa mikavu. Nilimfinya mguu makusudi alie, na hakulia. Nilitembea namsikiliza mgongoni, kila hatua. Masuku yalikuwa yameiva chini ya miti, wapagazi wanaokota na kula, na Somoye amejipaka utomvu mpaka masikioni. Mimi nilikula nikatapika.

Mchana mvua kubwa ikashuka, tukajenga kibanda cha majani. Nilijilaza na watoto, Rashidi upande mmoja, Somoye upande wa pili, na usingizi ukanichukua kama mtu aliyepigwa rungu. Nilizinduka kwa maumivu. Titi lilikuwa linavutwa, tena kwa nguvu, na furaha ikanipanda. Nikasema, Rashidi amepona. Nikafungua macho. Alikuwa Somoye.

Kabla sijamgusa, Bi Sijaona alishainama mlangoni. Alimkamata mkono akamchomoa. "Umerogwa wewe?" aliniambia. "Mtoto aliyekula chumvi unamrudisha ziwani? Kinywa kilichoonja chumvi kikigusa ziwa la mdogo, mdogo hafiki. Hata huko ulikoolewa kwa Wangoni wanalijua hilo."

Nilijua. Nani asiyejua? Mavyaa mwenyewe alinifunza, na mama yangu kabla yake. Nilimfokea Somoye mbele ya watu, nikamwambia ni aibu, mtoto mkubwa. Akajificha chini ya kaniki akalia kwa kwikwi, akisema, "Nina njaa, mawu." Bi Sijaona akaenda. Ndipo nikaona kaniki yangu imelowa upande ule. Nilidhani ni mvua. Nikagusa, nikaonja. Yalikuwa maziwa.

Nikalifikiri jambo lile. Rashidi hakuwa na nguvu ya kuvuta, na ziwa lisilovutwa hukauka. Somoye alikuwa na meno, na njaa, na kisirani chake chote, na alivuta mpaka yakatoka. Nilimshika Rashidi nikamgusisha kwenye ziwa lile lile, linatiririka lenyewe, hana la kufanya ila kumeza. Akameza. Nilisikia koo lake. Niliogopa kwamba ndiyo namuua sasa hivi, kwa mkono wangu, kama walivyosema.

Tangu hapo, kila tukipumzika niliwachukua wote wawili nikaingia nao vichakani, kama mtu anayekwenda kujisaidia. Somoye kwanza, mpaka maziwa yashuke, halafu namtoa, naye hatoki kwa hiari, halafu Rashidi. Huku nasikiliza nyayo. Nilimwambia Somoye, "Ukimwambia mtu, watatuacha hapa na simba." Akaitikia kwa kichwa, macho yamemtoka. Mtoto wa miaka minne kumpa siri ni sawa na kuibandika mlangoni, nilijua, lakini ningefanyaje? Na Rashidi akalia. Kwanza kilio kidogo cha paka, baadaye cha mtu mzima. Mzee Athumani akanitazama kwa hasira, na mimi nikainama nisionekane nacheka.

Mto Muhuwesi. Asubuhi tulipofika ulikuwa umejaa, maji mekundu yanabeba magogo. Wapagazi walifunga kamba ya magome kutoka mti wa huku mpaka wa ng'ambo. Wa kwanza kuvuka na mzigo alichotwa na maji, wakamvuta mzima lakini mzigo wake wa nta ukaenda. Bi Sijaona akasimama juu ya mizigo.

"Mto hauchukui mali ya mtu bure. Mwenye jambo aseme sasa, kabla haujachukua roho."

Watu wakatazamana. Somoye akanyoosha kidole chake mwenyewe kifuani. "Mimi," alisema. "Mimi nimenyonya. Lakini mawu alisema nisiseme."

Mpagazi mmoja akasogea mbali nami. Mzee Athumani akaweka chini fimbo yake. "Binti, nimekusemea uongo kwa askari. Nimekulisha. Na wewe unatembea na hili katikati yetu? Utabaki huku. Maji yakipungua utavuka na wengine watakaokuja."

Hakuna wengine ambao wangekuja, na alijua. Nilitazama nyuma, ule msitu tuliotoka. Jamani, mimi si mtu wa kunyamaza, na nilikuwa nimenyamaza tangu Maposeni. Nilifungua mbeleko nikamtoa Rashidi, nikaenda mpaka kwa Bi Sijaona, nikamtia mikononi mwake kwa nguvu asiweze kumkataa.

"Shika utosi wake," nikamwambia. "Ulipoushika Songea, kidole chako kiliingia. Ushike tena. Ulisema mtoto akifanyiwa hivi hafiki. Amefanyiwa, tangu kwenye masuku, kila siku. Shika, halafu uniambie mbele ya watu hawa ni mzima au ni mfu. Mto umejaa kwa sababu mvua imenyesha, bibi. Hata juzi nta ililowa kwa sababu mvua ilinyesha."

Rashidi akapiga ukelele usoni pake. Bi Sijaona alipeleka vidole kichwani polepole. Utosi ulikuwa tambarare, umejaa, unapiga mapigo yake. Aliushika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa hana mtoto aliye hai, hilo nililijua baadaye kwa wapagazi. Alizika wachanga, na kila mmoja alipozikwa aliulizwa amevunja mwiko gani.

Hakuniambia kwamba nimesema kweli. Alinirudishia mwanangu, akasema kwa mumewe, "Avuke mwisho. Akizama, azame peke yake." Halafu akamgeukia mpagazi mrefu. "Wewe, mbebe huyo mwenye mdomo."

Nilivuka mwisho, Rashidi nimemfunga juu shingoni, maji kifuani, kamba inakata viganja. Katikati mguu uliteleza na maji yakanifika kidevuni, na Rashidi akameza kidogo, akakohoa. Sikuomba dua yoyote, niliutukana tu ule mto kwa Kingoni na kwa Kiyao. Ng'ambo, Somoye alikuwa ameketi kwenye paja la Bi Sijaona, anamsimulia habari za mbuzi niliyemwahidi.

Namasakata. Tulifika jua likiwa juu. Mama mdogo alikuwa anamenya muhogo, akatazama, hakunijua. Nilipomtajia jina langu aliangusha kisu. Alitupikia ugali wa muhogo na kunde, tukala mpaka tukaumwa matumbo. Jioni ile aliingia ndani akanikuta na watoto wote wawili kifuani, huyu huku na huyu huku. Nilijikaza kusubiri maneno. Akasimama kidogo.

"Ukimaliza uje umalizie kunde," alisema, akatoka.

Tulikaa mpaka mavuno yakapita. Somoye aliacha titi mwenyewe, hakuna aliyelipaka shubiri, chungu cha kunde ndicho kilichomwachisha. Rashidi aliota meno, akakaa, akatambaa, akaanza kusimama kwa kushika ukuta. Mama mdogo aliniambia nibaki. Nilitaka kubaki, sitadanganya. Lakini nilikuwa namfikiria yule mwanamke wa Maposeni na miguu yake, na ule ulezi wa chini ya chungu.

Maposeni tena. Kurudi kulikuwa kwepesi. Njia ilikuwa kavu, askari wamepungua, Muhuwesi tulivuka kwa miguu, na nilikuwa na muhogo mkavu kichwani. Mavyaa nilimkuta hai, mifupa mitupu, amekaa kizingitini. Alikuwa ameishi kwa mizizi ya porini. Nilipiga magoti nikamsalimu. Macho yake yalikuwa kwa Rashidi aliyekuwa anavuta majani ya paa. Akanyoosha mikono. Nikampa. Mtoto alikuwa mzito, mikono ya bibi mtu ikashuka naye mpaka mapajani.

Alimkagua kila mahali, meno, mbavu, nyayo. "Mwaka huu umeshika miiko," alisema mwishowe, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Umeona? Mtu akishika miiko, mtoto hafi."

Ningeweza kuitikia. Lilikuwa neno la amani, na nilikuwa nimechoka. Lakini kama kuna kitu nilichotoka nacho njia ile, ni kwamba tulikuwa tumewatwika wafu wetu makosa yasiyo yao, na sisi wenyewe tukajitwika, wakati mwenye bunduki na mwenye kiberiti wanajulikana.

"Hapana, mama. Niliuvunja. Somoye alirudi ziwani, njia nzima, mchana kweupe, kwa kujua kwangu. Ndiye aliyemwokoa. Ningeushika mwiko, huyu ningekuwa nimemzika kwenye masuku."

Rashidi alimshika bibi yake pua. Niliona midomo yake inaenda na kurudi, inatafuta neno, na nikajua anakoelekea kabla hajafika.

"Basi mwanangu," alisema. "Siku ile aliyolala kwako."

"Alilala na Somoye mkekani, mama. Mtoto alimkatalia kuondoka."

"Basi alikufa kwa nini?"

"Kwa risasi."

Akarudia neno lile peke yake, taratibu. Kisha akafungua kinywa, na kilio kilichotoka kilimfanya Rashidi akimbilie kwangu kwa magoti. Nami nikalia, nikajitupa chini kama inavyompasa mjane. Majirani waliobaki waliacha majembe yao wakaja wanakimbia, wanauliza kuna nini, nani amekufa.

"Mwanangu," alisema mavyaa. "Mwanangu amekufa."

Wakakaa chini pamoja nasi.